Kabla Umwite Mamako Narsisisti, Msome Huyu Mama wa Paris

Wasee, leo sina video. Leo naandika, na ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta kiti.

Miezi kadhaa imepita tangu nitoe ile video ya sekunde sitini: "Dalili tano kwamba mzazi wako ni narsisisti." Mliipenda. Ilisambaa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Halafu nikapata meseji kutoka kwa msichana wa kidato cha nne: "Asante sana. Sasa najua shida yetu ni nini. Nimembloki mathe."

Niliisoma hiyo meseji mara nne. Mimi simjui mamake. Hata yeye mwenyewe simjui. Ninachojua ni kukata video na kuweka maandishi ya manjano hapo juu. Basi.

Ndiyo nikaanza kutafuta haya maneno tunayorushiana kila siku yalitoka wapi. Nikakutana na Élisabeth Roudinesco.

Huyu ni mwanahistoria Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka wa 1944. Kazi yake kubwa ni historia ya uchanganuzi nafsi, ile njia ya Sigmund Freud ya kumsikiliza mtu akiongea hadi yale aliyojificha mwenyewe yaanze kutoka. Mwaka wa 1982 na 1986 alitoa juzuu mbili kuhusu jinsi mawazo ya Freud yalivyoingia Ufaransa. Anaonyesha yaliingia kwa milango miwili: madaktari huku, waandishi na wasanii kule, na hawa watu walikuwa wanagombana kila kona. Mwaka wa 1993 akaandika maisha ya Jacques Lacan. 2014 akaandika ya Freud mwenyewe, na hicho kitabu kilishinda tuzo ya Prix Décembre. Kiko kwa Kiingereza pia, kwa hivyo usiniambie ati hujui Kifaransa.

Sasa sikia kilichonishika. Huyu mama hakuandika akiwa mbali. Mamake, Jenny Aubry, alikuwa daktari wa watoto na pia mchanganuzi nafsi, mtu aliyefanya kazi na watoto waliotenganishwa na mama zao. Lacan alikuwa rafiki wa familia. Roudinesco alimjua tangu utotoni, na baadaye akawa mwanachama wa shule yake pale Paris. Kwa lugha yetu, aliandika kuhusu mbogi yake mwenyewe. Angeweza kuwapaka mafuta tu. Lakini Lacan anayetoka kwenye kile kitabu ni mtu mwenye akili ya ajabu na pia mtu msumbufu, aliyekuwa anafupisha vikao vya wagonjwa wake hadi wenzake wa chama cha kimataifa wakamwondoa kwenye orodha ya wakufunzi mwaka wa 1963.

Freud naye hivyo hivyo. Mwaka wa 2010 mwanafalsafa Michel Onfray alitoa kitabu cha kumvunja Freud vipande. Roudinesco alijibu kwa ukali, lakini hakujibu kwa kumfanya Freud mtakatifu. Ukisoma ile ya 2014 unamwona mzee wa Vienna mwenye sigara na mbwa, aliyemchanganua hadi binti yake mwenyewe, Anna, kitu ambacho leo mtaalamu akifanya atafukuzwa kazi. Unamwona pia mzee mgonjwa wa saratani akitoroka Wanazi mwaka wa 1938 kwenda London, huku dada zake wanne wakibaki nyuma na kuishia mikononi mwa wauaji. Yote mawili ni ukweli. Hakuna dalili tano za Freud.

Na hapo ndipo nilipoona aibu ya video yangu.

Chukua hilo neno lenyewe. Freud aliandika makala yake maarufu kuhusu narsisi mwaka wa 1914, na kwake haikuwa tusi la kumtupia ex. Alisema kujipenda ni sehemu ya ukuaji wa kila mtu, kuanzia mtoto mchanga. Mimi, wewe, mathe, wote tunayo. Swali ni imekuwaje kwa huyu mtu, kwa maisha yake. Sisi tulichukua swali tukalifanya stempu.

Mwaka wa 1999 Roudinesco alitoa kitabu kidogo akiuliza kwa nini bado tunahitaji uchanganuzi nafsi. Hakatai dawa, anakubali zimewasaidia wagonjwa wengi. Anachopinga ni dunia yenye haraka, inayompa mtu jina la ugonjwa na kidonge kisha inamwambia "next," bila kumuuliza stori yake. Hiyo ilikuwa kabla ya TikTok! Sisi tumeongeza spidi, tena hata kidonge hatuna. Tunagawa jina peke yake.

Najua mtaniambia nini. "Hayo majina yametusaidia. Zamani ukisema una huzuni unaambiwa uombe, uache uvivu." Ni kweli, na sitarudi huko. Kupata neno la kitu kinachokuumiza kunaweza kukufanya utafute msaada. Na kuna wazazi wanaoumiza watoto kweli kweli. Kama uko kwa nyumba ya aina hiyo, usalama wako kwanza, mambo ya Freud yatangoja. Pia huyu mama sikubaliani naye kila mahali. Mwaka wa 2021 aliandika kitabu cha kukosoa siasa za utambulisho, na mimi naona hapo aliwasikiliza vijana kidogo kuliko alivyowahi kumsikiliza Lacan. Watu waliobaguliwa kwa miaka wakitafuta jina lao wenyewe, hiyo si kujifanya wafalme.

Lakini neno linafaa kufungua mlango. Video yangu iliufunga.

Nimeifuta. Yule msichana nilimwandikia, sikumpa ushauri. Nilimuuliza tu: "Kwani ilianza lini na mathe?" Alinijibu kwa meseji ndefu kuliko hii posti. Ndani yake kulikuwa na baba aliyeondoka, kazi iliyoisha, na mama asiyelala. Hakuna mahali nilipoona narsisisti. Niliona watu wawili wamechoka. Nilimwomba aongee na mtu mzima anayemwamini, mtu anayeweza kukaa naye uso kwa uso, kwa sababu mimi si huyo mtu.

Kwa hivyo kuanzia leo, kwa hii peji, sigawi tena majina ya magonjwa. Ukija kwa inbox, usiniambie mamako ni nani kwenye ile orodha. Niambie nini kilitokea.