Kabla uunde apu, uliza mteja ana simu gani

Niliacha chuo mwaka wa pili nikiamini kuandika programu kutanilipia kodi ya nyumba. Mimi na beshte yangu tukaunda apu ya kuwasaidia wauza mboga kuweka rekodi ya madeni ya wateja. Ilituchukua miezi minne, karibu nusu ya muda huo tukiipamba ipendeze kwenye iPhone. Ilikuwa safi, wacha tu.

Siku ya kuijaribu tukaenda sokoni Githurai. Mama wa kwanza akatoa Android ya bei nafuu, kioo kimepasuka, memori imejaa picha za wajukuu. Apu ikakataa kuingia. Kwa wa pili ikaingia, lakini ikawa inajifunga kila akipigiwa simu. Wa tatu alikuwa na kabambe. Akacheka: "Kijana wangu, mimi na daftari yangu tunaelewana." Siku hiyo hatukukutana na iPhone hata moja.

Darasani sikuwahi kuambiwa hili: swali la kwanza ni mteja ameshika simu gani. Mengine baadaye.

Maana kila upande una gharama zake. Google inatoza dola 25 mara moja tu ndio uweke apu zako Play Store. Apple inataka dola 99 kila mwaka, na bado utahitaji kompyuta ya Mac. Najua utaniambia kuna Flutter na React Native, unaandika mara moja inafanya kazi kote. Kweli, zinaokoa muda. Lakini haziongezi nafasi kwenye simu ya mteja, wala hazizuii simu kuizima apu yako ili kuokoa betri. Lazima ujaribu kwa simu zenyewe, moja baada ya nyingine.

Kuna watakaosema wenye iPhone ndio wenye pesa. Sawa, kama wateja wako ni hao, anzia huko. Ila kumbuka M-Pesa ilipoanza 2007 ilikuwa kwenye menyu ya laini, hata mwenye kabambe akatuma pesa. Hakuna aliyeambiwa anunue simu mpya kwanza.

Sisi tulianza upya: Android pekee, apu nyepesi, inayofanya kazi hata bila bando. Haipendezi kama ile ya kwanza, lakini yule mama wa pili anaitumia hadi leo.

Kwa hivyo wewe unayekesha na leptopu, kesho toka nje kidogo. Mwombe mteja wako akuonyeshe simu yake, halafu urudi uandike.