Ua la Udongo na Ukuta wa Nyumba Yetu

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gae. Maana yake haifichiki: fundi huuza kilicho kizuri, naye akabaki na kigae cha kulia chakula chake. Lakini wahenga hao hawakututungia methali ya mtu anayeishi jirani na mfinyanzi, akampita mlangoni pake bila hata salamu, kisha akaenda dukani kununua ua la udongo lililofinyangwa ng'ambo ya bahari ili alipachike ukutani mwake. Huyo hana methali. Na huyo, wasomaji wapendwa, ndiye sisi.

Siku hizi mapambo ya nyumba ya mtindo wa Kijapani yamepata wapenzi wengi. Ukuta mweupe usio na vurugu, samani fupi, na juu yake ua moja la kauri au la udongo uliochomwa, petali zake zimefinywa kwa vidole. Ni pambo la kupendeza, na sina ugomvi na anayelipenda. Ugomvi wangu unaanzia pale ua hilo linapoingia darasani. Tangu Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutumika mwaka 1, 2, 3 za msingi hapo 2019, wazazi wamekuwa wakilalamika kwamba kazi za mikono za watoto zimegeuka kazi za mifuko yao. Mtoto anaambiwa alete pambo. Mzazi anakwenda dukani. Pambo linaletwa likiwa limekamilika. Mwalimu, aliyelemewa na darasa kubwa, anatia alama. Hapo amepewa alama nani? Mtoto, mzazi, au kiwanda?

Nasema wazi, na atakayeudhika aniwie radhi: shule za Makadara na mitaa ya jirani kisiwani Mombasa zisikubali tena ua la kununua. Zimfundishe mtoto kufinyanga ua lake kwa udongo wa hapa, akiongozwa na wafinyanzi wa hapa. Nina sababu, nazo si za uchoyo wa mila.

Kwanza tuutazame ukuta wenyewe. Nyumba kongwe za mwambao zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yayo hayo, na boriti za mikoko. Katika majumba ya waungwana wa Lamu na Pate ya karne ya 18, kuta za vyumba vya ndani zilitiwa vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyeji, safu juu ya safu, vikizungukwa na nakshi za chokaa. Humo zilipangwa bakuli na sahani za kauri kutoka China, nyingi zikiwa na maua ya rangi ya samawati juu ya weupe. Mtafiti Linda Donley, aliyezichunguza nyumba za Lamu, alieleza kwamba vyombo hivyo havikuwa pambo tupu. Viliaminiwa kuwa kinga dhidi ya jicho la hasidi. Navyo vilikuwa alama kubwa ya ukwasi hata mtungaji wa Al-Inkishafi, alipotaka kutuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyopita, hakusahau kuvitaja vidaka vya vyombo vilivyogeuka makao ya ndege.

Wala si nyumba peke yake. Huko Gedi, mji uliofukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948 na ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ipo nyumba inayoitwa Nyumba ya Bakuli la Kauri. Kule Mambrui, kaburi la nguzo lilipachikwa bakuli za China. Na ukishuka kusini hadi Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, utakuta makaburi yaliyopambwa vivyo hivyo. Mwanafunzi wa Makadara hana haja hata ya nauli. Mwendo mfupi wa miguu utamfikisha Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Katika makumbusho yake ataona vigae na vyombo kutoka pande nyingi za dunia, pamoja na vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Santo Antonio de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipoizingira. Wapiga mbizi walianza kuichimbua merikebu hiyo mwaka 1977.

Yamkini mtu atadakia: "Kumbe hata hao wazee walinunua vyombo vya ng'ambo! Basi kosa letu ni lipi?" Swali ni la haki, nalo ndilo kiini cha maneno yangu. Ni kweli walinunua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwambao huu haukujengwa kwa kufunga milango. Lakini angalia walivyompokea mgeni. Bakuli lilitoka China. Kidaka kilichongwa hapa. Chokaa ilikuwa ya hapa, nakshi zilikuwa za hapa, fundi alikuwa wa hapa, na sababu ya kuliweka bakuli mahali pale ilikuwa ya hapa. Kitu cha kigeni kilipewa kiti katika baraza iliyojengwa na wenyeji. Sisi leo tunaagiza mgeni, kiti na baraza yenyewe. Vidaka tumeviziba kwa saruji au tumevibomoa pamoja na nyumba. Kisha tunapigilia msumari katika ukuta na kutundika ua ambalo hatujui limetoka udongo gani.

Na tukiwa tunawapenda Wajapani, basi tuwapende kwa ujuzi. Nyumba ya jadi ya Kijapani nayo ina kidaka chake, kipana na kirefu, kiitwacho tokonoma. Humo hutundikwa mchoro au maandishi, na chini yake huwekwa chombo chenye ua, vikibadilishwa kadiri majira yanavyobadilika. Mtu wa Lamu wa zamani angeingia chumba kile na kuelewa bila mkalimani: hapa ndipo nyumba inaposema na mgeni. Tofauti ni kwamba mmoja alisema kwa wingi wa vyombo, na mwingine kwa uchache.

Tena Mjapani naye alikuwa mkopaji. Kauri ya Japani haikuanza na Mjapani. Baada ya vita vya Hideyoshi nchini Korea, kati ya mwaka 1592 na 1598, mafundi wengi wa Kikorea walichukuliwa hadi Japani. Mapokeo yanasema kwamba mmoja wao, Yi Sam-pyeong, ndiye aliyegundua udongo mweupe wa kauri huko Arita, katika kisiwa cha Kyushu, mwaka 1616. Vyombo vya mwanzo viliiga vya Korea na China. Lakini nasaba ya Ming ilipoanguka mwaka 1644 na biashara ya China ikavurugika, Waholanzi waliigeukia Arita, na vyombo vyake vikasafirishwa hadi Ulaya kwa jina la Imari, bandari vilikopakiliwa. Zingatia miaka hiyo, mwalimu wa historia: ni zama zile zile ambazo Mombasa ilikuwa chini ya mizinga ya Wareno. Katika muda wa miaka isiyozidi hamsini, watu waliokuwa wakinunua kauri waligeuka watu wanaoiuza. Siri yao ilikuwa nini? Walikopa ufundi, lakini udongo waliuchimba nyumbani.

Baadaye, viwanda vilipotishia kuwamaliza mafundi wa mikono, Mjapani mwingine, Yanagi Soetsu, alisimama kuwatetea. Mwaka 1925 yeye na wenzake waliunda neno mingei, yaani sanaa ya watu, na mwaka 1936 wakafungua makumbusho mjini Tokyo. Hoja yake ilikuwa kwamba uzuri wa kweli umo katika vyombo vya kila siku vilivyotengenezwa na mafundi wasiojulikana majina. Anayetaka nyumba yake iwe na roho ya Kijapani, basi na amtafute fundi asiyejulikana jina aliye karibu naye. Hatafika mbali. Kina mama wa Jomvu Kuu, kando ya hori upande wa bara wa mji huu wa Mombasa, wamejulikana kwa ufinyanzi wa vyungu. Chungu, mtungi, kaango, chetezo: majina haya bado yamo katika lugha yetu, lakini kila mwaka watoto wanaoyajua kwa kuvigusa vyombo wanapungua.

Sasa tuje darasani. Kufinyanga ua si mchezo wa kupotezea wakati. Mtoto hukanda udongo mpaka hewa itoke. Asipofanya hivyo, ua laweza kupasuka motoni. Huuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa ili udongo usijikunje na kuchanika unapokauka. Hufinya petali zisipitane mno kwa unene, kwani palipo nene hukauka nyuma ya palipo jembamba, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Hutoboa tundu la kutundikia ungali mbichi, kwa kuwa likishakauka halitobolewi. Huanika kivulini siku kadhaa, si juani. Ndipo huja moto: moto wa wazi wa kuni, makuti na vifuu aghalabu hauzidi nyuzi 900 za joto, ilhali kauri huhitaji nyuzi zipatazo 1,300 na udongo wake maalumu mweupe. Kwa hiyo ua letu halitakuwa kauri. Litakuwa jekundu au la rangi ya kahawia, lenye vinyweleo, na hiyo ni sifa yake. Je, katika kazi hii moja mwalimu hapati kemia ya udongo, fizikia ya joto, hisabati ya vipimo, historia ya mji na msamiati wa Kiswahili?

Upo hata ujuzi wa ukuta. Lipu ya chokaa ya nyumba za Mji wa Kale ni laini. Msumari huimomonyoa, na chumvi ya bahari huila kutu hiyo chuma mpaka ukuta ukatokwa na michirizi. Wazee hawakupigilia bakuli; walilipachika katika chokaa ingali mbichi, ikakauka nalo. Ua la udongo lililokwaruzwa mgongoni laweza kushika vivyo hivyo. Mtoto atakayejua hilo hatawahi kuuona ukuta wa Mji wa Kale kama kifusi kinachongoja kuondolewa.

Najua pingamizi zilizopo. Ya kwanza ni kwamba shule hazina tanuri, na mitaa yetu imebanana mno kwa kuwasha moto wa wazi. Ni kweli, wala moto huo hautakikani katika ua wa shule. Maua yafinyangwe na kuanikwa shuleni, kisha yapelekwe kwa wafinyanzi yachomwe pamoja na vyungu vyao, nao walipwe kwa kazi hiyo. Fedha ambazo wazazi humwaga dukani zitatosha, na zitaingia katika mkono unaostahili. Mfinyanzi huyo aalikwe darasani japo mara moja kwa muhula, aketi kitini kama mwalimu, si pembeni kama kielelezo.

Ya pili ni kwamba mtoto wa leo anahitaji kompyuta, si udongo. Sioni kwa nini kimoja kimfukuze mwenzake. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliahidi sanaa na kazi za mikono. Kisha masomo hayo yakaondolewa katika mtihani, na lisilotahiniwa likakosa wa kulifundisha. Sasa mtaala mpya umeyarudisha, na katika sekondari ya juu sanaa imepewa mkondo wake. Tukiliacha neno hili libaki katika karatasi, huku watoto wakileta vya kununua, tutakuwa tumelipoteza mara ya pili, na safari hii kwa mikono yetu.

Ya tatu huja kutoka kwa walimu wenyewe: ua la mtoto litakuwa baya, na pengine litavunjika motoni. Na livunjike! Mtoto aliyeleta vigae na akaweza kueleza kwa nini ua limepasuka anastahili alama zaidi ya aliyeleta ua zima asilolijua. Mwalimu amuulize mambo matatu tu: udongo huu umetoka wapi, umeufanya nini, na kwa nini umefanya hivyo. Duka halina majibu ya maswali hayo.

Enyi walimu, mtihani huu ni wenu kabla haujawa wa wanafunzi. Wafinyanzi wanazeeka, na ujuzi wa mkono hauandikiki ukatosha kitabuni; hupita kwa vidole hadi vidole, au haupiti kabisa. Nanyi wanafunzi, msione haya kucha zenu zikijaa udongo. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee wetu. Na huu wetu, ndugu zangu, umekwisha kuanza kukauka.