Waacheni Watu na Mtoki Wao

Julai 2024, ugonjwa wa mpoksi, ambao wengine waliuita homa ya nyani, ulithibitishwa hapa Burundi. Wiki chache baadaye nilikuwa nyumbani Kigwena kwa likizo, na babu akapata homa na vipele mkononi. Tukampeleka kupimwa. Kijana aliyempokea alikuwa mpole na mwenye adabu. Akamwuliza: "Mzee, tezi zako za limfu zimevimba?"

Babu akajibu papo hapo: "Hapana, mwanangu. Mimi sina tezi."

Kijana akaandika hapana. Tulipofika nje, babu akaninong'oneza kwamba kinachomsumbua hasa ni mtoki wa kinena, hata kutembea anachechemea. Nikarudi ndani mbio.

Haikuwa mpoksi. Alikuwa amekanyaga ndoana ufukweni na kidonda kikatunga usaha. Vipele vilikuwa vya joto tu. Lakini kuvimba kwa tezi limfu ni miongoni mwa dalili zinazowasaidia wauguzi kuutofautisha mpoksi na tetekuwanga. Ingekuwa mpoksi kweli, jibu la babu lingewapotosha, na babu hakusema uongo.

Msiniambie kwamba hajui Kiswahili. Babu alikimbilia Tanzania mwaka 1972, akaishi Ulyankulu zaidi ya miaka thelathini. Kwake tezi ni ile inayoota shingoni, au ile tezi dume ambayo wazee huambiwa wakapime. Limfu hajaisikia kamwe. Alijibu kweli swali alilolisikia. Kosa liko kwetu sisi tunaounda istilahi, tunaozitafsiri na tunaozikariri kwa ajili ya mtihani.

Nilipolieleza jambo hili darasani, nilipewa jibu ambalo nalikubali nusu. Niliambiwa kwamba mtoki si istilahi, kwa kuwa ni jina la uvimbe, wala si jina la kiungo. Ni kweli. Mtu mzima wa afya ana mamia ya tezi limfu na hana mtoki hata mmoja. Lakini mgonjwa haulizwi habari za kiungo. Anaulizwa habari za uvimbe, na uvimbe huo lugha yetu ililipatia jina zamani. Kwa nini basi tumwulize kwa jina asilolijua, ilhali analo la kwake?

Tena jina hilo limebeba elimu. Majimaji yanayovuja kutoka katika mishipa ya damu hukusanywa na mishipa ya limfu, yakapitishwa kwenye tezi limfu, kisha yakarudi kwenye damu karibu na mtulinga. Katika tezi hizo chembe nyeupe huyakagua kama mizigo inavyokaguliwa bandarini Rumonge kabla ya kuingia mjini. Vijidudu vikizidi, chembe huongezeka na tezi huvimba. Ndiyo maana kidonda cha mguu huleta mtoki kinenani, na cha mkono huuleta kwapani. Wazee wetu wanalijua hilo: wakiona mtoki wa kinena, hutazama unyayo kwanza. Sisi tuliofundishwa biolojia kwa Kifaransa tulikariri michoro ya mishipa hiyo, lakini hatukuambiwa kwamba nyumbani lilikuwapo neno.

Tazameni neno kinga. Watu walikuwa wakijikinga mvua na jua kabla hospitali hazijajengwa. Waliounda jina UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, hawakulidharau neno hilo la kila siku. Leo, hata huku kwetu ambako wengi husema sida, ukitaja kinga ya mwili unaeleweka, sokoni hata mwaloni.

Nasi tunaanza kuliharibu hilo pia. Katika andiko moja kingamwili ni zile protini zinazotengenezwa na mwili ili kushika vijidudu. Katika jingine kingamwili ni mfumo mzima wa ulinzi. Mwanafunzi atakayesoma maandiko yote mawili atadhani amekosea yeye.

Sidai tufute tezi limfu. Daktari anahitaji jina la kiungo, na mwanafunzi pia. Nadai mambo matatu. Kwanza, kila kamusi na kila kitabu cha afya kinachotaja tezi limfu kiandike pia sentensi hii fupi: mtoki ni tezi limfu iliyovimba. Pili, neno moja libebe dhana moja, na kingamwili iwe ya kwanza kusahihishwa. Tatu, istilahi ya tiba isipitishwe mpaka isomwe mbele ya watu watakaoulizwa kwayo: wavuvi, wakamua mawese, akina mama wanaopeleka watoto kwenye chanjo. Wasipoielewa, irudi mezani.

Wahadhiri wetu, mnatupa alama kwa kuunda maneno mapya. Tupeni alama pia kwa kuyatafuta yaliyopo. Nasi wanafunzi, likizo ijayo tuwaulize wazee majina ya viungo na maradhi, tuyaandike, tuje nayo. Mimi nimeanza na babu. Kidonda chake kimepona, ila bado ananiuliza ile limfu ni kitu gani, na sasa ninapomweleza, naanza na mtoki.