Mapafu Si Tumbo

Nina ugomvi na neno "asili". Nalikuta kila mara kwenye chupa za dawa ya wadudu zinazouzwa kwa watu wanaootesha bangi ndani ya nyumba, na bei ya chupa moja kwetu ingenunua mbolea ya msimu mzima. Wateja wanadhani wananunua usalama. Kwa maoni yangu wanauziwa ruhusa ya kutofikiri.

Nieleze niko wapi kabla hamjaniitia polisi. Nasoma shahada ya uzamili katika afya ya mimea, jimbo la Ontario, Kanada. Tangu tarehe 17 Oktoba 2018 bangi ni halali hapa kwa watu wazima, na kaya moja inaruhusiwa kuotesha miche minne. Kwetu Tanzania mche mmoja unatosha kukulaza rumande, kwa hiyo mama yangu anawaambia majirani kwamba mwanawe anasomea wadudu wa mboga. Sijamsahihisha. Utitiri ninaousoma unakula nyanya, maharage na waridi pia, kwa hiyo hasemi uongo.

Baridi ya hapa ni ndefu, na mche usioiweza hupelekwa chini ya nyumba, kwenye chumba ambacho jua lake ni taa, upepo wake ni feni, na majira yake ni swichi yenye saa. Mvua hainyeshi humo. Mdudu mla wadudu hana pa kupitia. Utitiri ukiingia, umekuja kwenye mkono wa shati au kwenye kipandikizi ulichopewa na rafiki, nao unakuta chakula tele, joto la kupendeza na hakuna adui hata mmoja. Kwenye nyuzi joto 27 hadi 30 yai linakuwa utitiri mzima kwa takriban wiki moja, na jike mmoja anaweza kutaga mayai kama mia. Ukiona utando kati ya majani, umeshachelewa.

Kwa hiyo anayeniambia anaotesha "kiasili" humo ndani namuuliza: asili ipi? Umeifungia nje. Ukiitaka itabidi uiingize kwa mkono wako mwenyewe, kiumbe kwa kiumbe.

Hoja ya wauzaji ni fupi: imetoka kwenye mmea, basi haina madhara. Sisi tuliolelewa kwa muhogo hatuna haki ya kuikubali. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini walijua muhogo mchungu hauliwi siku uliyochimbwa. Unamenywa, unalowekwa, unaanikwa, ndipo unasagwa. Sumu inayotolewa pale ni sayanidi, na muhogo huitengeneza wenyewe, bila kiwanda. Au chukueni abamektini, dawa kali ya utitiri. Chanzo chake ni bakteria wa udongo aliyepatikana Japani, na kundi hilo hilo la kemikali ndilo lililozaa ivamektini, dawa ya usubi na matende, iliyowapatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kitu cha asili kuliko bakteria wa udongo sikijui. Hata hivyo hakifai kupuliziwa kwenye ua ambalo mtu atalichoma na kulivuta.

Na wala msidhani lebo husema kweli. Mwanzoni mwa 2016 idara ya kilimo ya jimbo la Oregon, Marekani, ilisimamisha uuzaji wa dawa moja ya utitiri iliyokuwa ikitumiwa kwenye bangi. Lebo ilitaja mafuta ya mdalasini na asidi ya sitriki. Maabara iliikuta na abamektini, ambayo lebo haikuitaja popote. Mdalasini ulikuwa unasifiwa kwa kazi ya mwingine.

Tuje kwenye mapafu. Chakula ukikila hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na ini hupunguza mengi. Moshi hauna kituo hicho. Kutoka mapafuni unaingia kwenye damu moja kwa moja. Viwango vya mabaki ya viuatilifu kwenye zabibu na nyanya viliwekwa kwa kufikiria mtu anayekula. Ua la bangi halioshwi na haliliwi. Limejaa vinyweleo vyenye utomvu unaonata, na chochote chenye mafuta kikitua pale hukaa hadi kiberiti kiwashwe. Maiklobutanili inaruhusiwa kwenye zabibu dhidi ya ubwiri unga. Ikipata moto hutoa gesi ya haidrojeni sayanidi, jamaa wa sumu ya muhogo, na safari hii hakuna bibi wa kuiloweka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kutegemea kifaa cha kuvutia, hadi karibu asilimia 70 ya mabaki ya viuatilifu vilivyojaribiwa yaliingia kwenye moshi.

Serikali ya Kanada imeliona hili. Tangu Januari 2019 wazalishaji wenye leseni wanalazimika kupima mabaki ya viambato 96 vya viuatilifu. Mwenye miche minne chini ya nyumba yake hapimiwi na mtu. Yeye ana lebo tu.

Ninapoandika haya namfikiria mzee mmoja wa Tanga aliyeishi huku miaka mingi. Anatibiwa saratani, na daktari wake anajua kwamba huvuta kidogo jioni ili chakula kipite. Msimu wa baridi uliopita aliniita nimwangalizie miche yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, nje theluji imefika magotini, hawa wadudu wametokea wapi?"

Nikageuza majani, nikatazama kwa lenzi. Utitiri ulikuwepo kwenye miche yote minne. Kwenye rafu palikuwa na chupa tatu, zote za kijani, naye akanionyesha ile ya mwarobaini kwa fahari ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Hii haina kemikali. Bibi yangu alitunywesha mwarobaini kila homa ilipobisha hodi, na tumekua."

"Aliwahi kuwavutisha, mzee?"

Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile ndicho kinachonitia hasira mpaka leo. Mtu ambaye kinga yake imeshushwa na matibabu anauziwa mafuta ya kupulizia kwenye ua atakalolivuta, na muuzaji hakumuuliza hata kama yuko mgonjwa. Mwarobaini nauheshimu. Kwenye mche mchanga, wiki nyingi kabla ya maua, una kazi yake. Miche ya mzee ilikuwa wiki ya tano ya maua.

Pareto naiheshimu zaidi, maana imenisomesha. Nyanda za juu za Iringa, Njombe na Mbeya, na ng'ambo ya mpaka kule Molo, ua lile jeupe huchumwa kwa mkono na kuanikwa. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Piretrini yake inasifiwa kwa sababu ya haki kabisa: jua huivunja haraka. Shambani, ukishapulizia tu, mwanga unaanza kuimaliza. Sasa ipelekeni kwenye chumba kisicho na jua, ambako hudumu muda mrefu zaidi. Sifa iliyoifanya iitwe salama imebaki mlangoni, na lebo haijabadilika. Isitoshe, baadhi ya chupa hizo zimechanganywa na piperonili butoksaidi, kemikali ya kiwandani inayoiongezea pareto nguvu, iliyoandikwa kwa herufi za kutafuta kwa miwani.

Tufanye nini basi na utitiri? Tulete adui zake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 okidi kutoka Chile zilifika Ujerumani zikiwa na utitiri wa rangi ya chungwa, mwepesi wa miguu, usiogusa majani. Ulikuwa unakula utitiri mwingine. Huo ndio Phytoseiulus persimilis, na leo unafugwa na kuuzwa sehemu nyingi za dunia. Wakulima wa waridi wa Naivasha wanaujua vizuri. Wakulima wetu wa muhogo nao wana kisa chao. Utitiri wa kijani wa muhogo ulionekana Uganda mwaka 1971 ukasambaa barani. Wataalamu wakaufuata kwao Amerika Kusini, wakaleta kutoka Brazili utitiri mla utitiri, Typhlodromalus aripo, ukaachiliwa Benin mwaka 1993 na baadaye kuenea nchi nyingi, bila mkulima kununua chupa hata moja. Mtu wa duka la Ontario hawezi kunifundisha asili ni nini huku akinipa bomba la kupulizia.

Wala sisemi kazi hii ni nyepesi. Huo ni mfugo, na mfugo una masharti. Persimilis anataka unyevu wa hewa wa zaidi ya asilimia 60 hivi, la sivyo mayai yake hukauka. Na wakati wa maua mkulima hushusha unyevu kwa kuogopa ukungu wa kijivu. Hapo unahitaji Neoseiulus californicus, anayevumilia ukavu na njaa, na ni vizuri umweke mapema, kabla hujaona doa la kwanza kwenye jani. Utomvu wa ua nao huwanasa hawa marafiki, kwa hiyo ukisubiri mpaka maua yajae, unawatuma kwenye gundi. Kazi kubwa ni ya kabla: kipandikizi kigeni kikae peke yake wiki mbili, nguo uliyovaa kwenye bustani ya nje isiingie ndani, mitego ya gundi ya njano itundikwe kwa ajili ya vinavyoruka, na lenzi ipite upande wa chini wa majani kila baada ya siku mbili tatu. Inachosha. Ndiyo maana chupa inauzika.

Kwa mzee, mche mmoja haukuwa na tumaini. Tuliufunga kwenye mfuko tukautupa. Kwenye mitatu iliyobaki tuliondoa majani yaliyoathirika zaidi, tukaagiza californicus, tukasubiri. Alivuna kidogo kuliko alivyotaka. Chupa zake tatu alizirudisha dukani, wakakataa kuzipokea.

Wapo watakaosema nawatetea wenye viwanda vya kemikali. Utitiri huu umeshaonyesha usugu kwa viambato zaidi ya 90, kwa hiyo hao nao hawana cha kujivunia mbele yangu. Wengine watasema wadudu rafiki ni ghali. Ni kweli, na tena huwezi kuwaweka kabatini mpaka mwakani, maana ni viumbe hai na ukiwachelewesha siku chache wanakufa. Lakini mgonjwa anayenunua chupa tatu na bado anatupa mche hajaokoa senti.

Ninachodai kwa wauzaji ni mistari miwili kwenye lebo. Mmoja useme kama dawa imepimwa ikiwa moshi au haijapimwa. Wa pili useme isipuliziwe tena baada ya maua kuanza. Nilipomwambia muuzaji mmoja haya, alijibu kwamba nafasi kwenye lebo haitoshi. Nusu ya lebo yake ilikuwa picha ya jani.