Tunajenga nyumba, kivuli tunakisahau

Sisi wabeba boksi tuna ugonjwa mmoja. Tukituma fedha za kujenga Dar tunaulizia vigae, geti na rangi ya bati. Miti tunamwachia fundi, naye hupanda miashoki mstari mmoja kando ya ukuta, kisha uwanja wote unatandikwa vitofali vya zege. Picha ikitufikia tunajibu: safi sana!

Anayeishi pale ni mama. Mwashoki mwembamba kama mlingoti hauna kivuli cha kumtosha saa nane mchana mwezi wa Februari, joto limepita nyuzi 30 na jasho halikauki kwa unyevu wa bahari. Zege nalo hutunza joto hadi usiku, na maji ya masika hayapati pa kuzama.

Kwa maoni yetu, mti wa kivuli uingie kwenye ramani kabla ya geti. Ukae magharibi, ambako jua la alasiri hupiga ukuta wa vyumba. Ila si kila mti. Mwembe (nani asiyeupenda?) ni mkubwa, kiwanja cha mita 20 kwa 20 utakimeza, na unataka mita 8 au 10 kutoka ukutani. Mnazi usiinamie bati wala gari. Fikasi, ndugu yake mkuyu, mizizi yake hufuata maji hadi kwenye karo la choo. Penye nafasi finyu, mstafeli au mpera unatosha: kivuli cha mkeka mmoja na matunda ya wajukuu.

Masika huanza Machi. Tukipiga simu nyumbani, tumuulize mama mchana anapumzikia wapi.