Tunalaumu Gugu, Tope Je?

Wasee wa Otonglo, mvua ikinyesha Nandi na Kericho, mashamba ya watu yanashuka hadi kwetu. Mto Nyando unaingia Ghuba ya Winam ukiwa rangi ya chai ya maziwa. Na hiyo si uchafu tu. Ni udongo uliobeba fosforasi, chakula cha gugu maji. Tangu miaka ya 1990 tunang'oa gugu, linarudi. Si linalishwa kila msimu! Mashua zinakwama Dunga, ukiuliza unaambiwa mashine inakuja. Mashine ya nini, na makorongo ya Katuk Odeyo bado yanameza mashamba? Maze, hizo pesa zipelekwe huko kwanza: miti kando ya mto, matuta kwenye miteremko. Gugu ling'olewe baadaye.