Kaboya Ni Mbali, Majina Yaje Kwetu

Wanafunzi wenzangu, kila tarehe 25 Julai nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Kwa kuwa si siku ya mapumziko, wengi wetu inatupita hivihivi. Jioni kwenye taarifa ya habari tunaona mkuki na ngao vikiwekwa kwenye mnara, tunasikia tarumbeta, basi. Kesho yake maisha yanaendelea. Sina ugomvi na gwaride wala na tarumbeta. Shida yangu ni kwamba tunawakumbuka watu ambao hatuwajui hata mmoja kwa jina.

Ukibisha, fanya jaribio dogo. Mkitoka kwenye kipindi, mwombe mwenzako akutajie mtu mmoja tu aliyekufa kwenye Vita vya Kagera. Atakutajia Nyerere. Atakutajia Idi Amin. Hao wote wawili walitoka vitani wazima.

Tarehe tunazo, tumezikariri tangu sekondari. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Tunajua kwamba mgambo walichukuliwa kwa maelfu wakaungane na wanajeshi. Waliokufa wengi wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Sasa kutoka hapa Morogoro hadi Kaboya ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa boom lipi utakwenda huko kusoma majina kwenye makaburi?

Na siyo sisi wanafunzi tu. Mtaani kwetu Mwembesongo, ninapopanga, yupo mzee fundi baiskeli. Siku moja nilimpelekea baiskeli ya jirani, tukaanza kuongea habari za masomo. Nilipomwambia nasomea ualimu na somo langu mojawapo ni historia, akaniuliza, "Kwenye hivyo vitabu vyenu, mjukuu wangu, kaka yangu yumo?" Kaka yake aliondoka mwaka 1978 na hakurudi. Familia ilisikia kwamba amezikwa Kaboya. Hakuna aliyewahi kufika. Mama yao alifariki bila kuliona kaburi la mwanawe. Nikamjibu, "Hapana, mzee, hayumo." Yeye akaendelea kukaza spoku zake.

Watu kama yule mzee hawatatusubiri. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Wakiondoka wao, watabaki waliosimuliwa, kisha waliosimuliwa na waliosimuliwa.

Mkoa wetu wenyewe unatuonyesha mwisho wa jambo kama hilo. Agosti 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiteka Morogoro na Wajerumani wakarudi nyuma kupita milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Pande zote mbili zilibebewa chakula na risasi na wapagazi wa Kiafrika, ambao walikufa kwa maelfu kwa njaa, magonjwa na uchovu. Majina yao yako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliotumikia Uingereza katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Ni vizuri, lakini radhi ya baada ya miaka mia moja haimrudishii mtu jina lake. Wale walisahauliwa na mkoloni. Hawa wa Kagera tukiwasahau, tutamsingizia nani?

Sisi tunaosoma kampasi ya Mazimbu tunajua jina moja linavyoweza kufanya kazi. Kampasi yetu inaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Afrika Kusini aliyenyongwa na makaburu Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22. Ni umri wangu. Mwaka wa kwanza akifika tu, ataliuliza jina hilo, na akishaliuliza atajua ANC ilijenga shule hapa, na kwamba hapa pana makaburi ya wakimbizi na wapigania uhuru. Siku tano baada ya Mahlangu kunyongwa, Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi yetu. Vijana wetu waliokufa njiani kwenda huko nao walikuwa na majina.

Kwa hiyo napendekeza majina yasafiri. Marekani wanafanya hivyo. Ukuta wao wa Vita vya Vietnam uko Washington, una majina zaidi ya 58,000. Tangu 1996 nakala yake ndogo inayoitwa The Wall That Heals huzungushwa kwa lori mji hadi mji, ili mama asiye na nauli aliguse jina la mwanawe.

Mtasema hatuna hela. Jamani, Mwenge wa Uhuru unakimbizwa kila mwaka na kufika kila halmashauri nchini, tena una msafara wa magari. Tunachohitaji ni gari moja zaidi kwenye msafara huo, lenye mbao zilizoandikwa majina: wa Kagera, waliozikwa Naliendele kule Mtwara, wale 7 waliouawa Darfur 13 Julai 2013, na wasiopungua 14 waliouawa Kongo 7 Disemba 2017. Mwenge ukisimama, watu wapewe muda wa kusoma. Wengine watasema tunashabikia vita. Mimi naona kinyume chake: tarumbeta inaweza kuipamba vita, lakini orodha ndefu ya vijana waliokufa haina pambo lolote.

Serikali ikichelewa, sisi walimu watarajiwa tuna njia yetu. Tunapokwenda TP tunatawanyika shule za mikoa mingi. Kila mmoja akiwauliza wazee wa kata aliyopangiwa ni nani alikwenda vitani na hakurudi, akaandika jina kamili, kijiji na mwaka, tutarudi na daftari lenye mamia ya majina. Serikali yetu ya wanafunzi iyachapishe kwenye mbao, tuzitembeze kwanza kwenye vyuo vya Morogoro, halafu shule za sekondari, ambako somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa.

La kwangu la kwanza nimeshaliandika. Nilirudi kwa fundi baiskeli na kalamu, akanitajia majina matatu ya kaka yake, taratibu, na akataka nimsomee nilichoandika.